Ngitili yako ya kwanza: hesabu nyasi kabla ya kununua miche

Wengi wanaoanza ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, huanza kitaluni. Wananunua miche mia mbili, wanaipanda Desemba, na ikifika Septemba iliyosalimika inahesabika kwa vidole. Fedha na nguvu hizo zingetosha kuweka mpaka, kupogolea visiki na kupima malisho, kazi tatu zinazoamua kama eneo litasimama au litarudi kuwa vumbi. Katika Shinyanga na Simiyu, na sehemu za Tabora zenye hali kama hiyo, miti unayoitafuta mara nyingi imeshakuwa chini ya miguu yako. Ni mizizi hai na visiki vinavyoliwa na mbuzi kila mwaka hadi vikaonekana vichaka visivyo na faida. Pumzisha eneo misimu miwili, utaona.

Anayeanza leo anapaswa kujua pia kwamba utaratibu huu haukuletwa na mradi. Wasukuma walikuwa wakifunga sehemu ya malisho wakati wa mvua na kuifungua kiangazi tangu zamani. Ukataji wa misitu uliofanywa enzi za ukoloni ili kufukuza mbung'o, kilimo cha pamba, na kuhamishwa kwa kaya wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970 vilivunja mengi, kwa sababu familia ziliacha ngitili zao nyuma. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulifanikiwa pale uliporudi kwenye desturi hiyo. Takwimu zinazonukuliwa zinaonyesha ongezeko kutoka hekta 600 hivi mwanzoni hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sehemu kubwa ya hizo ilirudi kwa kufungwa tu, bila kupandwa.

Eneo na mpaka

Kwa kaya moja, hekta mbili hadi tano zinatosha kujifunzia. Chagua karibu na nyumbani, kwa kuwa wanufaika wa kwanza ni maksai wa kulimia, ng'ombe wanaokamuliwa, ndama na mifugo dhaifu, ambao hawawezi kutembea mbali mwezi wa Oktoba. Usifunge ibambasi, ule udongo mgumu unaomwaga maji yote, ukategemea malisho mwaka huo huo. Huko utasubiri miaka. Usifunge pia mapito ya mifugo kwenda lambo. Ukiyafunga, utagombana na kijiji kizima na ngitili italishwa usiku.

Mpaka uwe na ushahidi wa aina mbili: unaoonekana na ulioandikwa. Unaoonekana ni minyaa au katani. Vipande vya minyaa vya sentimita 30 hadi 50 viache kivulini siku chache jeraha likauke, kisha pandikiza kila baada ya sentimita 30 mvua zinapoanza. Utomvu wake unaunguza macho vibaya sana, hivyo watoto wasiifanye kazi hiyo, na maji safi yawe karibu. Ulioandikwa ni kumbukumbu ya serikali ya kijiji yenye majina ya majirani wa pande zote, na ikiwezekana hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ngitili isiyo na maandishi huwa inagawanywa mashamba siku mwenyewe anapofariki.

Kufunga na kufungua

Mifugo yote itoke mvua za kwanza zinapodondoka, kwa kawaida Novemba, na isirudi hadi nyasi zimekomaza na kudondosha mbegu. Hapo ni Juni. Wenye subira hufungua mwishoni mwa Julai au Agosti, malisho ya nje yanapokwisha. Mbuzi nao ni mifugo. Wapo wanaotoa ng'ombe tu na kuwaacha "mbuzi wachache", kisha wanashangaa machipukizi kutovuka goti.

Eneo lililokuwa tupu kabisa lisifunguliwe mwaka wa kwanza, na pengine hata wa pili. Kama hali inabana, kata nyasi kwa mundu upeleke zizini, kwato zisikanyage udongo ambao bado haujashikwa na mizizi. Eneo likishajaa, ligawe vipande viwili au vitatu na ufungue kimoja kimoja. Cha mwisho kiwe kile chenye migunga mingi, maana huko mifugo itapata maganda ya mbegu pamoja na majani ya miti wakati nyasi zimebaki makapi.

Hesabu ya malisho

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, kwa sababu nyasi ndefu za Juni hudanganya macho. Pima mwenyewe, mwishoni mwa Mei au Juni, mbegu zikishadondoka.

Tengeneza fremu ya mraba ya mita moja kwa mita moja, kwa fito au waya mgumu. Tembea ukikatisha eneo kutoka pembe hadi pembe, na kila baada ya hatua 30 weka fremu hapo ulipofika. Usichague mahali. Ikiangukia kwenye upara wa udongo, andika sifuri uendelee. Anayeruka mapara hupata hesabu ya ngitili ambayo hana. Fanya hivyo mara 20. Ndani ya kila fremu kata nyasi ukiacha kimo cha sentimita tano, ziweke mfukoni, zianike siku tatu au nne hadi zikunjwapo zinavunjika, kisha zipime kwa mizani. Jumlisha gramu zote, gawanya kwa 20, zidisha kwa 10. Jibu ni kilo za malisho makavu kwa hekta.

Tuseme wastani ni gramu 180. Hizo ni kilo 1,800 kwa hekta. Nusu iache ardhini: inafunika udongo, inalinda mashina ya nyasi na kupokea tone la mvua lisipasue ardhi. Unabaki na kilo 900 kwa hekta. Ukiwa na hekta nne, una kilo 3,600. Ng'ombe wa asili mwenye uzito wa kilo 250 hula takriban kilo 6.5 za malisho makavu kwa siku. Kutoka Julai hadi mwisho wa Oktoba ni siku 120 hivi, kwa hiyo kila kichwa kinahitaji kilo 780. Gawanya 3,600 kwa 780: unapata ng'ombe wanne na nusu hivi. Wanne, si kumi.

Jibu hilo linauma kwa mwenye ng'ombe 30, lakini lina kazi. Linakuambia kwamba ngitili ni ya wale wanne wanaobeba kaya, wengine wapelekwe kwenye malisho ya mbali au wauzwe wakiwa bado na nyama. Ukiingiza wote 30, malisho yale yale ya siku 120 yatakwisha katika siku 18.

Maganda ya migunga

Nyasi kavu za Septemba hujaza tumbo bila kulisha. Protini yake hushuka chini ya asilimia 7 au hivyo, kiwango ambacho vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huhitaji ili vivunje makapi, na ndiyo maana mnyama hukonda akiwa ameshiba. Maganda ya mgunga wa Acacia tortilis, yale yaliyojikunja, yana protini zaidi ya hapo na huanguka yenyewe wakati wa kiangazi.

Yaokote kila baada ya siku chache, yaanike juani ili wadudu waliomo wapungue na ukungu usiingie, kisha yahifadhi kwenye magunia yaliyoinuliwa juu ya sakafu. Kabla ya kulisha yatwange. Mbegu nzima ni ngumu na nyingi hupita tumboni zikatoka kwenye kinyesi kama zilivyoingia, na protini kubwa imo humo. Kilo moja ya maganda yaliyotwangwa kwa ng'ombe kwa siku, au gramu 200 kwa mbuzi, huongeza hamu ya kula nyasi kavu. Anza kwa kidogo wiki ya kwanza. Usikate matawi ili kuangusha maganda: tawi moja la mgunga ni maganda ya miaka kumi ijayo.

Visiki

Kazi hii hufanywa kiangazi, na panga kali lililonolewa asubuhi hiyo. Kwenye kila kisiki hai chagua machipukizi mawili hadi matano, yaliyonyooka na manene, yanayoota chini karibu na udongo. Yale yaliyoota juu ya kisiki kilichooza hukatika kwa upepo. Kata mengine yote. Katika yale uliyobakiza, ondoa vijitawi vya chini hadi nusu ya kimo, ukikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Funga kitambaa cha rangi ili wachungaji wajue mti una mwenyewe. Rudi kila baada ya miezi michache kuondoa maotea mapya, na baada ya miaka miwili au mitatu punguza hadi shina moja au mawili. Yale unayoondoa ndiyo kuni zako za kwanza.

Miiba uliyokata usiichome. Irundike juu ya kisiki chenyewe, na mbuzi hatafika.

Kuvuna miti

Ligawe eneo la kuni na nguzo kwa idadi ya miaka inayohitajika kufikia unene unaoutaka. Kwa kuni na fito, vipande sita hadi vinane. Kila mwaka vuna kimoja. Kata kati ya Agosti na Oktoba, akiba ya chakula ikiwa mizizini na mvua ziko karibu. Acha kisiki cha sentimita 15 hadi 30, uso ukiwa mshazari ili maji yasituame, na tumia msumeno kwa shina lililozidi unene wa mkono. Pale ambapo mifugo haiwezi kuzuiwa, kata kwa kimo cha mita mbili, machipukizi yaote juu ya midomo yao.

Mti mnene wa zamani usiukate ukitarajia uchipue. Miti mingi ikishapita unene wa paja huchipua kwa shida au hufa kabisa. Hiyo iache iwe mama wa mbegu na kivuli.

Mkaa tuuseme kwa ufupi: unahitaji kibali, na tanuri la udongo hutumia kilo sita hadi kumi za mti mkavu kutoa kilo moja. Nguzo, kuni na mizinga ya nyuki huipa hekta ile ile thamani bila kuimaliza.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo wapenda miti hawapendi kulisikia. Ngitili ikisongamana, nyasi hufa kwa kukosa jua na maji. Simama ndani yake saa sita mchana mwezi wa Aprili: kama kivuli kimefunika zaidi ya theluthi ya ardhi, punguza. Mtundulu, kichaka cha miiba, ndio msumbufu mkuu, kwa sababu ukiukata mara moja hujibu kwa machipukizi mengi kutoka mizizini. Ukate chini kabisa, kisha ingiza mbuzi wengi kwa siku chache machipukizi yakiwa laini, uwatoe, urudie yakiota tena. Hapo mbuzi ni mfanyakazi wako.

Moto na watu

Njia ya kuzuia moto, upana wa mita tano, ilimwe Mei nyasi zikiwa bado mbichi, hasa upande wa barabara na wa mashamba ya kuchoma mabua. Kuisubiri Agosti ni kuchelewa.

Ngitili za kijiji hulindwa na dagashida, yaani mkutano wa jadi wa wanajamii, na sungusungu, walinzi wa jadi, na faini hulipwa. Andikeni mapema siku ya kufungua, idadi ya vichwa kwa kila kaya, na nani hutoa ruhusa. Bila hivyo, kiongozi mmoja hufungulia jamaa zake na wiki hiyo hiyo wote wanaingia. Wanawake wapewe siku zao za kuokota matawi makavu, kwenye sheria yenyewe, maana wao ndio wanaojua kila pembe na ndio wa kwanza kuona panga geni. Anayekodisha atoze kwa kichwa kwa mwezi na ahesabu mifugo ikiingia. Kodi ya msimu mzima humwalika mpangaji kuongeza ng'ombe kila wiki.

Toa mifugo kipande kikibakiza nyasi za kimo cha kidole, hata kama tarehe uliyopanga haijafika. Weka kando akiba ya wiki tatu kwa ajili ya mvua kuchelewa, na ifikapo katikati ya Septemba pima tena kwa fremu ile ile. Kama akiba haitafika Novemba, uza kichwa kimoja au viwili wiki hiyo, kabla mnada haujajaa ng'ombe waliokonda.