Maswali na majibu: nakazana kutulia, mbona situlii?

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu meditesheni, nimechukua manne.

Nafanya meditesheni kila asubuhi, mwaka sasa, sioni mwangaza wowote, yaani ile kuamka kiroho wanayoisema Wabudha. Niongeze muda?

Hapana bana. Umefumba macho halafu kila dakika unachungulia kama mwangaza umeshafika, sa hapo akili itatulia saa ngapi? Sona, mwanafunzi wa Buddha, mtoto wa kitajiri, alitembea akitafakari mpaka nyayo zikatoka damu, akaona bora arudi kwao. Buddha hakumwambia aongeze. Alijua jamaa ni mpiga zeze, akamuuliza, nyuzi zikikazwa mno zinalia vizuri? Hapana. Zikilegea je? Hapana pia. Basi.

Kwa hiyo tusijitahidi, tulale tu?

Msinilishe maneno. Ananda, mwanafunzi mwingine, alimhudumia Buddha miaka 25 na bado alikuwa hajafika kwenye huo mwangaza. Buddha kafariki, watawa wanaitisha kikao kule Rajgir, India, wanaoingia ni waliofika tu, na kikao chenyewe kesho. Usiku kucha anatembea, anatafakari, anakazana, hola. Karibu na alfajiri akaona ngoja nijinyooshe kidogo, na masimulizi yanasema miguu imeshatoka chini, kichwa hakijagusa mto, hapo hapo ndo akafika. Mvivu atasema si unaona, alilala! Anasahau ile miaka 25. Kazi aliifanya, alichoachia pale ni ile kiu ya kuwahi kikao. Na usijifanye umeachia ili ufike, maana hapo bado unachungulia.

Mimi Muislamu, haya yananihusu nini?

Mwangaza wa Kibudha na kumjua Mungu si kitu kimoja, tusivichanganye, ila mtego unafanana. Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, alikuwa mwalimu mkubwa pale chuo cha Nizamiyya, Baghdad, akajikagua akaona anafundisha kutafuta jina sio kwa ajili ya Mungu, ulimi ukamfunga hata darasa likamshinda, mwaka 1095 akaacha vyote akaenda zake Sham, upande wa Syria. Na ukikimbia riya, yaani ibada ya kujionyesha kwa watu, angalia usiangukie ujbu, ukaanza kujisifu moyoni kwamba wewe hujionyeshi kama wale wengine, hii ndo mbaya zaidi kwa sababu hakuna anayeiona ila wewe, na wewe ndo unaipenda.

Rafiki yangu tangu aanze haya mambo anatuona sote tumelala. Tumfanyeje?

Huyo kabadilisha tu cha kuringia, zamani gari, sa hivi utulivu. Msibishane naye, mkimaliza kula mwachieni vyombo aoshe.