Shangazi, simu inasema siku ya 14 lakini mimba haiji

*Shangazi, asalaam alaykum. Nina miaka 27, naishi Micheweni, nimeolewa mwaka na miezi minne. Hedhi yangu ni siku sita. Nikishakoga hukaa siku 27 mpaka 30 ndipo nione tena, kwa hiyo kwenye simu nimejaza kuwa mzunguko wangu ni siku 28. Programu huniambia siku ya 14 ndiyo ya kushika mimba. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, huwa dago, kambi ya wavuvi, Unguja, hurudi mbalamwezi tu. Mama mkwe ameshaanza kuniangalia tumbo. Kosa langu nini?*
*Mwenye Hamu*

Waalaykum salaam, mwanangu. Kosa nimeliona humu humu katika barua yako, limo katika hesabu.

Wewe huanza kuhesabu siku uliyokoga. Kwa sala na saumu ni sawa, maana tohara ndiyo inayokurudisha kwenye msala. Lakini mzunguko wa hedhi huanzia siku ya kwanza ya damu yenyewe, ile inayotaka pedi; matone ya kahawia ya kabla yake hayahesabiwi. Zile siku sita umeziacha nje. Ukizirudisha, mzunguko wako ni siku 33 hadi 36. Simu nayo, ulipoiambia 28, ikaanza kuhesabu tangu damu ilipoanza, ikakutajia siku ya 14. Siku hiyo yai lako bado halijapevuka.

Kinachotofautiana sana baina ya wanawake ni kipindi cha kabla ya yai kutoka. Likishatoka, hedhi huja baada ya kiasi cha wiki mbili. Basi hesabu kwa kurudi nyuma: 33 toa 14, unapata 19; 36 toa 14, unapata 22. Yai lako hutoka hapo katikati, na linaweza kusogea siku moja au mbili, mbele au nyuma. Likitoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mwanamume huweza kuishi ndani mpaka siku tano, kwa hiyo siku za kushika mimba ni tano za kabla pamoja na siku yenyewe. Ukichelewa ni kama kufika gatini boti imeshaondoka. Kwako wewe, kutaneni kuanzia siku ya 15 hadi ya 23, kila usiku, au usiku mmoja mkiruka mmoja. Hakuna haja ya kujizuia wiki nzima ati mbegu zijae.

Hesabu hukadiria tu. Mwili wako una alama iliyo bora kuliko simu, nayo ni ute unaotoka ukeni. Kuanzia siku ya 12, kila uendapo msalani jipanguse kwa tishu kavu kabla ya kustanji. Wengi hukosea hapo: wanatia maji kwanza, ute unakwenda na maji, kisha wanasema hawana. Uchukue baina ya kidole gumba na cha shahada, uvitenganishe taratibu. Ukiwa mzito kama gundi, au ukikatika upesi, bado. Ukivutika kama ute mweupe wa yai bichi, angavu, unaoteleza, siku zenyewe ndizo hizo. Siku ya mwisho ya ute wa namna hiyo huwa karibu sana na yai kutoka. Asubuhi baada ya tendo usiuamini, manii hufanana nao. Na ukiona majimaji yenye harufu, ya kijani, au meupe ya kugandagan­da yenye muwasho, hayo ni maradhi, nenda ukatibiwe. Koga janaba bila hofu, mbegu zinazohitajika zimeshapanda. Ila usijioshe ndani, wala usiingize dawa yoyote ukeni.

Ukipata vile vipande vya kupima mkojo, vya kujua yai linapokaribia kutoka, duka la dawa, anza siku ya 15, saa ile ile kila siku, mchana au alasiri, na usinywe maji mengi kwa muda wa saa mbili kabla ya kupima. Si kama kipimo cha mimba: mstari hafifu hauna maana. Lazima ulingane na ule wa kando au uuzidi kwa kukolea. Hapo yai hutoka ndani ya siku moja mpaka moja na nusu. Njia ya kupima joto la mwili asubuhi sikupi, kwa sababu hupanda yai likishatoka, na wewe unataka kujua kabla.

Sasa dago. Hili ndilo ninaloliona zito. Mwezi wa mbinguni ni siku 29 au 30, mzunguko wako 34, kwa hiyo kila mara unasogea mbele siku nne au tano. Tuseme mumeo yuko nyumbani tarehe 12 hadi 19 za mwezi wa Kiislamu. Ukiona damu tarehe 25 Mfunguo Mosi (Shawwal), siku yako ya 20 ni kiasi cha tarehe 15 Mfunguo Pili: yupo. Mzunguko wa pili inaangukia tarehe 19, wa tatu 24, wa nne 28, giza totoro, naye yuko baharini na taa zake. Katika mizunguko sita au saba, miwili au mitatu tu ndiyo mnayokutana vizuri. Miezi yako 16 ni mizunguko kama 14; ile mliyokutana kwenye siku zenyewe huenda haifiki sita. Mama mkwe hilo halijui, na anayefaa kumweleza ni mwanawe. Chukua kalenda ya mwezi, andika siku zako, umwoneshe mumeo. Mwezi ambao hesabu zinapishana aombe ruhusa kwa nahodha usiku mbili tatu, au wewe umfuate Unguja.

Hata hivyo mwaka umepita, kwa hiyo nendeni hospitali, wote wawili. Yeye apimwe mbegu, akiwa amejizuia siku mbili hadi saba. Kipimo hicho kipangwe wakati ambao siku zako za kushika mimba hazipo, msije mkapoteza mwezi mzuri. Wewe anza sasa vidonge vya foliki asidi, maikrogramu 400 kila siku. Na ukiandikiwa kipimo cha damu cha kuonesha kama yai limetoka, kile kinachoitwa cha siku ya 21, mwambie daktari mapema kuwa mzunguko wako ni wa siku 34. Kinatakiwa wiki moja kabla ya hedhi, na kwako hiyo ni siku ya 27 au karibu yake. Ukitoa damu siku ya 21 majibu yanaweza kusema yai halikutoka, na kumbe ndiyo kwanza limetoka jana.