Barua kwa mwanangu: tope limezaliwa wapi, na limefikaje

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku Malindi hatujambo, mama yako na nduguzo wanakusalimu sana. Umeniuliza: tope likichotwa kwenye handaki la bahari, zaidi ya mita 7,000 chini, mtu atajuaje limetoka wapi? Na hili la mto wetu wa Sabaki, nalo huishia huko?

Kwanza tenganisha mambo mawili. Asili ya tope ni swali moja, safari yake ni jingine, na shahidi wa hili si shahidi wa lile. Wengi huyachanganya, na mimi sipendi.

Asili husomwa kwenye chembe zenyewe. Sabaki huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, hupita kwenye mawe ya volkano, kisha hukata miamba ya Tsavo yenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka. Isotopu (aina za atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito) za metali iitwayo neodimiamu katika lava changa hazifanani na za mwamba mkongwe, na safari haizibadilishi sana. Zirkoni nayo, kipunje kigumu ajabu, ina uraniamu inayogeuka kuwa madini ya risasi kwa mwendo unaojulikana, hivyo hutoa umri wa jiwe lililoizaa. Maganda ya chokaa usiyategemee. Kwenye vilindi vile maji huyayeyusha.

Hata hapa kwetu kipimo cha namna hiyo kimefanyika. Mwaka 2007 ilichapishwa kazi juu ya tumbawe la Malindi lenye miaka kama 300. Bariamu, elementi ambayo huja na udongo wa mto na kubaki katika tabaka za tumbawe, ilikuwa tulivu muda mrefu, kisha ikapanda mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi walipofyeka na kulima bara.

Safari ni ngumu zaidi. Chota maji ya Sabaki wakati wa mafuriko, uyaache kwenye chupa ya kioo. Mchanga hutua papo hapo. Tope laini huelea, na asubuhi maji ya juu bado ni mekundu. Ukikuta kilindini tabaka lililojipanga hivyo, chembe nene chini na laini juu, aghalabu limekuja kwa kishindo: mteremko wa chini ya bahari umebomoka, tope na maji vikaporomoka pamoja. Januari 2020 poromoko kama hilo kwenye korongo la mto Kongo lilikwenda zaidi ya kilomita 1,100, likakata nyaya za intaneti.

Japani ndiko kuna ushahidi ninaoupenda. Miezi minne baada ya tetemeko la Machi 2011, watafiti walishusha kamera kwenye Handaki la Japani, wakakuta ukungu wa tope wa mita 30 hadi 50 juu ya sakafu. Sentimita 31 za juu za mashapo, yaani tope na mchanga uliotua, zilikuwa zimerundikwa na matukio matatu. Kilomita chache kutoka hapo, usoni mwa tope, palikuwa na seziamu 134, elementi yenye mionzi iliyotoka kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima mwaka huohuo. Hiyo hupungua kwa nusu kila miaka 2 hivi, basi haiwezi kuwa ya zamani.

Sabaki sasa. Pwani yetu haina handaki. Kaskazi ikivuma, tope husukumwa kusini hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi. Wakati wa kusi huelekea Mambrui. Jingi hutua ghubani, ndiyo maana ufuo umejaa ukasogea baharini. Handaki kubwa la Bahari ya Hindi ni la Sunda, ng'ambo huko Sumatra na Java, na upande wake wa kaskazini una mashapo ya Himalaya yaliyopitia Ghuba ya Bengali.

Niambie mwalimu wako anapima isotopu zipi. Kama ni za strontiamu, mwulize wanaisafishaje sampuli kwanza, maana maji ya bahari yana strontiamu yake.

Baba yako