Jibu: Kwa nini Warren Moon alianzia Kanada?

Ndugu, umeuliza kwa nini mchezaji mkubwa wa futiboli ya Marekani kama Warren Moon alianzia Kanada badala ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo Marekani. Kipaji alikuwa nacho. Januari 1978 aliiongoza Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo vikuu, tena akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Tatizo lilikuwa rangi yake. Miaka ile makocha wengi wa Marekani hawakuamini kwamba mtu mweusi anaweza kucheza kwotabeki, yule anayesoma ulinzi wa wapinzani na kuamua mpira urushwe wapi. Walitaka abadilishe nafasi. Akakataa kata kata, akaenda timu ya Edmonton, Kanada, na huko akabeba Kombe la Grey, ubingwa wa ligi ya Kanada, mara tano mfululizo, 1978 hadi 1982. Tano!

Mwaka 1984 Houston Oilers, timu ya NFL, wakamchukua. Desemba 1990 pasi zake dhidi ya timu ya Kansas City zilifika jumla ya yadi 527 katika mechi moja. Baadaye alipita Minnesota, Seattle na Kansas City hiyohiyo, akastaafu akiwa na miaka 44.

Mwaka 2006 akawa kwotabeki wa kwanza mweusi kuingizwa kwenye Jumba la Heshima la mchezo huo, lililoko Canton, Marekani. Mimi huwa najiuliza wangapi waliokubali kubadilishwa nafasi, tusiwajue kamwe.