Je, niache kazi ili nimalize riwaya? Jibu la muuguzi anayeandika

Ndugu yangu, umeuliza kama uache ualimu ili umalize riwaya yako, kwa kuwa kazi inakumalizia muda na nguvu za kuandika. Ushauri wangu ni kwamba usiache. Nasema hivyo nikiwa muuguzi wa wodi ya wazazi ambaye kwa miaka mingi ameandika riwaya katikati ya zamu za usiku, na ninaipenda kalamu kiasi kwamba sitaki kuitwisha mzigo wa kodi ya nyumba.

Kuhusu fedha hakuna mengi ya kueleza. Mrabaha ni asilimia ndogo ya mauzo, na soko la uhakika la riwaya ya Kiswahili ni shule, kwa hiyo mchapishaji anapopokea mswada hujiuliza kwanza kama utapata ithibati na kuingia darasani. Mswada wangu wa kwanza ulikaa mezani kwa mchapishaji mmoja muda mrefu, kisha ukarudishwa bila maelezo yoyote. Niliumia sana. Hata hivyo mshahara uliingia mwisho wa mwezi kama kawaida, nami nikaendelea kuandika bila kumlainisha mhusika yeyote ili ampendeze mnunuzi. Uhuru huo ndio ninaohofia utaupoteza.

Shaaban Robert aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1926, akiwa karani wa forodha, na sehemu kubwa ya maandishi yake aliyatunga akiwa mtumishi. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa mfungwa nchini Kenya kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Simtaji ili kusema kwamba mateso humfanya mtu kuwa mshairi. Wengi wameteswa na hawakupata hata nafasi ya kusema. Namtaja kwa sababu vina na mizani vya mashairi yale vimetunzwa, kana kwamba mtu aliyekosa hata karatasi alikataa kujiruhusu ubeti uliolegea. Kwangu mimi, kujitoa kwa mwandishi ni huko.

Jasho lenyewe liko katika kuandika upya. Rasimu ya kwanza huja na furaha yake, lakini baadaye unagundua kwamba mama uliyemchora anazungumza kama hotuba, kwamba sura unayoipenda kuliko zote haisogezi kisa, na kwamba lazima uifute ingawa hakuna atakayejua ulichokipoteza. Hapo kazi yangu imenisaidia kuliko kitabu chochote cha nadharia. Siandiki siri za wagonjwa, na sitaziandika kamwe, ila nimejifunza wodini kwamba mtu mwenye hofu huuliza mambo madogo: saa ngapi, nani amebaki na watoto, maji ya moto yapo? Wewe nawe unawasikia vijana kila siku, wakati wa mapumziko na wanapodanganya kuhusu daftari lililosahaulika nyumbani. Mazungumzo ya riwaya yako yamo humo.

Kwa hiyo tenga saa moja kabla ya alfajiri, na familia iijue saa hiyo. Rasimu ikikamilika, iache ipoe likizo nzima ya Juni, kisha uisome kwa sauti, ukitia alama kila mahali ulimi unapokwama. Mswada ukiwa tayari, upeleke pia kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na uanze riwaya ya pili kabla majibu hayajatoka.