Dada, hao watu wazima saba ndio wanaonitisha

Hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo imenitoa kitandani saa tano hii ya usiku. Umeuliza mengi kuhusu safari yenu ya kwenda kwenye bustani ya michezo ya maji: uende siku gani, ubebe chakula gani, kama mwanao wa miaka 6 mwenye usonji ataruhusiwa kupita bila kupanga foleni, kama ataweza kuvumilia muziki, na ipi ni bora kati ya zile bustani mbili za michezo ya maji. Halafu ukamalizia: "Kuhusu usalama sina wasiwasi, tutakuwa watu wazima saba."

Dada, sisi tulikuwa tisa. Watu wazima tisa, na mwanangu alipotea kwa zaidi ya dakika ishirini mahali penye mabwawa manne.

Ilikuwa Eid Pili, mwaka 2022. Kijana wangu alikuwa na miaka 7. Usonji wake tulithibitishiwa hospitali ya Muhimbili akiwa na miaka 4. Maneno yake wakati ule hayakuzidi kumi, na ukimwita jina hageuki, hata ukiwa umesimama nyuma yake. Lakini maji anayasikia. Ukifungua bomba la jikoni, anakuja mbio kutoka uani. Ndiyo maana tukasema mwaka huu siku iwe yake, twende kwenye maji, ukoo mzima. Tukakodi Coaster, tukaondoka Tabata asubuhi tukiwa na watoto kumi na mmoja, pilau kwenye hotipoti na mikeka mitatu.

Na sikwenda kichwa kichwa. Siku tatu kabla nilipiga simu pale mapokezi. Nikaeleza vizuri kabisa: nina mtoto mwenye usonji, haongei, haitiki jina, anapenda maji kupita kiasi, je, mazingira yenu yakoje? Kijana aliyepokea akanijibu bila hata kuvuta pumzi: "Kaka, ondoa shaka. Hapa ni ukuta pande zote na kila bwawa lina mwokoaji. Mtoto hapotei hapa." Nikashusha pumzi. Nikamwambia mke wangu, umesikia, hapotei.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Nilikaa naye kwenye bwawa dogo kwa muda wa karibu saa mbili, maji yananifika magotini, yeye amelala chali anapiga miguu na kucheka kicheko ambacho nyumbani tunakisikia mara moja kwa wiki. Kufika saa sita watu wakajaa. Wakawasha spika kubwa, singeli ikaanza, MC akashika kipaza sauti. Mwanangu akaziba masikio. Nikamtoa bwawani, nikampeleka kwenye mikeka walipo wenzetu, nikamvisha hedifoni zake za kuzuia kelele. Akatulia. Njaa ikaniuma, watoto wengine wanalilia chipsi, nikainuka kwenda kupanga foleni. Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Niliwageukia wote nikasema:

"Jamani, mwangalieni mtoto kidogo, nakuja."

Wote wakaitikia. Mmoja "sawa", mwingine "haya", mdogo wangu akainua mkono bila kugeuka.

Soma tena neno hilo, dada. Mwangalieni. Hiyo "ni" ya mwisho ndiyo iliyokaribia kuniulia mtoto. Ukisema "mwangalie", kuna mtu mmoja umemwambia, naye anajua ni yeye. Ukisema "mwangalieni", umewaambia watu wanane, na kila mmoja anasikia kwamba wenzake saba wameambiwa. Kazi umeimwaga katikati ya mkeka na hakuna aliyeiokota.

Baadaye usiku nilikaa nao nikawauliza mmoja mmoja. Nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu, nakiri. Mke wangu alisikia sauti yangu, akajua nimewakabidhi wadogo zangu, akampeleka binti yetu kubadili nguo. Mdogo wangu alijua shemeji yake yupo palepale. Wifi yangu alijua mdogo wangu ndiye aliyeinua mkono. Mama mkwe alimwona kabisa mtoto akiinuka na kuondoka, lakini aliondoka akielekea upande niliokwenda mimi, kwa hiyo akajua anamfuata baba yake. Hakuna aliyekuwa mzembe. Ningekuwa mimi kwenye mkeka ule, ningewaza vilevile.

Nikarudi na trei mbili za chipsi kuku. Nikauliza, "Yuko wapi?" Watu saba wakatazamana.

Sijui kama umewahi kuona watu saba wanatazamana hivyo. Sitaki uone. Hedifoni zilikuwa juu ya mkeka.

Tukafanya kosa la pili palepale. Tulikimbilia getini. Wanaume watatu wazima tukakimbilia geti kubwa kuwaambia walinzi wafunge, kwa sababu akili ya mtu wa kawaida inasema mtoto aliyepotea anatoka nje. Mwingine akamkimbilia MC, na MC kwa nia njema akapaza jina la mwanangu kwenye spika mara tatu, kwa nguvu zote. Mtoto asiyeitika jina sebuleni kwake, anayekimbia kelele, sisi tukamwita kwa kelele ileile iliyomkimbiza. Ni mke wangu aliyepiga ukunga kutoka upande wa vyumba vya kubadilia nguo: "Maji! Angalieni maji kwanza!"

Nikasimama ukingoni mwa bwawa kubwa. Alikuwa amevaa fulana ya buluu, nimemnunulia mwenyewe kwa ajili ya Eid. Vigae vya bwawa ni vya buluu, maji ni ya buluu, na mle ndani kulikuwa na watoto labda mia moja. Kila aliyezama kichwa alikuwa wangu. Niliruka na simu mfukoni, nikamshika mtoto wa watu mkono, nikamwachia, nikamshika mwingine.

Aliyempata ni dada wa usafi. Nyuma ya vyoo kulikuwa na mlango wa mabati, umeachwa wazi kwa sababu walikuwa wanaingiza makreti ya soda. Ukiupita unakuta chumba cha pampu, na nje yake tangi la maji la zege, limechimbiwa chini, halina mfuniko. Fundi wao aliniambia baadaye kina chake ni mita mbili. Mwanangu alikuwa amekaa ukingoni, miguu ndani ya maji, anajitikisa polepole na kuvuma sauti moja na pampu. Nyumbani hukaa sakafuni kando ya friji na kuvuma vilevile. Katika kelele zote zile alikwenda kutafuta mlio mmoja anaoupenda, akaupata, na alikuwa mtulivu kuliko mtu yeyote pale ndani.

Yule dada hakumvuta wala kumpigia kelele. Alikaa chini karibu naye, akashika pindo la fulana yake, akamtuma mwenzake atuite. Nilitaka kumpa chochote kilichokuwa mfukoni, noti zimelowa zote. Akakataa. Akaniambia, "Mpe mama yake maji ya kunywa kwanza." Namwombea dua mpaka leo.

Sasa yule kijana wa simu. Nilirudi mapokezi nikamkuta. Nikamuuliza, ule mlango wa mabati hauko kwenye ukuta uliousifia? Akanijibu kwamba mzazi ndiye mwenye jukumu la mtoto wake. Ni kweli, mzazi ndiye mwenye jukumu, silikatai hilo. Lakini kama unalijua hilo, kwa nini uliniambia hapotei? Mtu amekutajia usonji, hujamuuliza hata swali moja, unampa uhakika wa bure kama unamwuzia maandazi! Angesema "kaka, sijui, njoo uone mwenyewe kabla ya sikukuu", ningekwenda, ningeuona ule mlango. Na hao waokoaji: kazi yao ni anayezama ndani ya bwawa. Mtoto anayetoka bwawani akaondoka, kwa mwokoaji huyo amepona, macho yake yanarudi kwa waliobaki. Kwa mtoto kama wako na wangu, hatari inaanza palepale macho ya mwokoaji yanapoishia.

Kwa hiyo mtu yeyote akikwambia "kuna waokoaji" au "mkiwa wengi ndiyo salama", mwambie asante, kisha umsahau.

Usidhani nakuza jambo kwa sababu lilinipata mimi. Baada ya siku ile nilisoma sana. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 kwenye jarida la Pediatrics, ukihusu watoto zaidi ya 1,200 wenye usonji: 49% waliwahi kutoroka au kujaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka 4. Kati ya wale waliopotea kwa muda wa kutia hofu, karibu robo walifikia hatari ya kuzama. Na wazazi walipoulizwa kwa nini watoto huondoka, sababu zilikuwa zilezile nilizoziona mimi: anafuata kitu anachokipenda, au anakimbia kinachomuumiza. Mwanangu alifanya yote mawili kwa safari moja.

Kanuni yangu ni hii, na nakuomba uichukue hata kama mengine yote utayaacha: mtoto ana mwangalizi mmoja, kwa jina, na makabidhiano ni kwa mdomo.

Tunafanya hivi. Tuna kofia moja ya njano. Aliyevaa kofia hali chakula, hashiki simu, hapigi picha, hamsaidii mtoto mwingine kufunga kamba za viatu. Yuko umbali wa mkono kutoka kwa mtoto, majini na nchi kavu. Zamu ni dakika ishirini, kwa sababu baada ya hapo macho yanachoka hata kama moyo haujachoka. Akitaka kutoka, anamfuata mwenzake mpaka alipo, anamgusa bega, anamwita jina: "Salma, mchukue." Salma anamtazama mtoto, anaivaa kofia, anajibu: "Ninaye."

Hajasema "ninaye", mtoto bado ni wako. "Sawa" haihesabiki. "Haya" haihesabiki. Kutikisa kichwa hakuhesabiki. Watu wanasema "sawa" wakiwa usingizini. Lakini hakuna anayesema "ninaye" bila kutazama kama kweli anaye, neno lenyewe linamlazimisha. Mwanzoni walininunia. Shemeji yangu mmoja aliniambia "sawa, nenda bwana" mara tatu, na mimi nimesimama palepale chakula kinapoa, mpaka alipolisema. Kwenye ukoo sasa wananiita Bwana Ninaye. Waniite tu. Tangu siku ile tumekwenda kwenye maji mara sita na hatujampoteza hata kwa dakika moja, na mara nyingi tulikuwa watu wazima watatu tu. Watatu wenye kofia moja ni wengi kuliko wale tisa.

Usimpe kofia mtu aliyekuja kustarehe. Shangazi anayempenda sana mwanao lakini amekuja kupiga soga na mashoga zake, mwache astarehe. Chagua wawili au watatu, wafundishe kabla, nyumbani. Na usiwape watoto wakubwa. Binti wa miaka 13 ni mtoto, akitokea rafiki yake atageuka.

Siku: usiende sikukuu. Nenda siku ya kawaida ya kazi, asubuhi mlango unapofunguliwa, uondoke kabla spika hazijawashwa. Mkifika, kabla hajavua hata viatu, mshike mkono mzunguke eneo lote, nyuma ya vyoo, nyuma ya jiko, kila mlango, kila tangi, na umtazame anavutwa na nini. Mavazi: rangi ya chungwa au ya njano inayowaka, kamwe isiwe buluu wala nyeupe. Namba yako ya simu iandike mkononi mwake kwa maka peni. Maboya ya mkononi yasikudanganye, yanachomoka. Na akipotea, Mungu apishie mbali, wote mkimbilie maji kwanza, hata yale machafu ya nyuma ambayo hakuna anayeyaita bwawa. Geti atafunga mlinzi. Na hakuna kumwita kwenye spika. Mwombeni MC azime muziki kabisa, halafu sikilizeni.

Chakula beba alichozoea, hapo hamna ugumu.

Sasa naomba unijibu hapahapa kabla hamjaondoka. Kati ya hao saba, taja jina la atakayekuwa na kofia pale nje, mnaposhuka kwenye gari na kununua tiketi. Usiniambie "tutakuwepo wote". Pale ndipo kila mtu mkono uko mfukoni anatafuta hela, na mwanao atakuwa ameshasikia maji kutoka ng'ambo ya ukuta. Ni nani?