Maswali na majibu: sauti ya "roboti" kwenye fanki ya miaka ya 1980

Sauti ya bendi ya Zapp kwenye "More Bounce to the Ounce" (1980) ni vokoda (kifaa kinachochonga sauti ya kinanda kwa umbo la maneno yanayosemwa kwenye maikrofoni), sivyo?

Hapana, na kuiita vokoda ni kumpunja Roger Troutman wa Hamilton, Ohio, kiongozi wa Zapp. Yeye alitumia tokboksi. Sauti ya sintesaiza, yaani kinanda cha umeme (awali Minimoog, baadaye Yamaha DX100), inapita kwenye amplifaya, inasukuma spika ndogo iliyofungwa ndani ya kiboksi, kisha inapanda kwa mrija wa mpira hadi pembeni mwa mdomo. Mpigaji hatoi sauti kooni. Anaumba maneno kwa ulimi na midomo tu, na maikrofoni inanasa kinachotoka. Ukiimba kwa koo, noti mbili zinagongana na maneno yanavurugika. Kata besi kabla ya amplifaya, la sivyo utaunguza ile spika ndogo.

Basi vokoda ilitoka wapi?

Kwenye simu. Homer Dudley aliibuni Bell Labs, Marekani, miaka ya 1930, ili sauti ipite kwenye waya kwa nafasi ndogo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilitumika kuficha mazungumzo ya wakubwa.

Na "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa wa New York, 1982?

Hata hiyo si vokoda! Ni mashine ya mwangwi, Lexicon PCM41, iliyowekwa muda mfupi mno. Melodi yake, iliyotoka kwa Kraftwerk, bendi ya Ujerumani, nayo ilipigwa upya kwa sintesaiza, haikunakiliwa kutoka kwenye sahani ya santuri. Ukitaka vokoda halisi ya mwaka huohuo, sikiliza "Pack Jam" ya Jonzun Crew, kutoka Boston.

Nimeweka vokoda kwenye kompyuta, lakini maneno hayasikiki. Kwa nini?

Mara nyingi kosa liko kwenye sintesaiza. Vokoda haiongezi kitu. Inachonga tu kile ilichopewa. Ukiipa sauti laini isiyo na masafa ya juu, haina cha kuchonga. Chagua wimbi la msumeno (sauti kali ya sintesaiza yenye masafa mengi ya juu), fungua filta (kichujio cha sauti) yote, piga akodi ya noti tatu au nne katikati ya kinanda. Kisha changanya kelele kidogo, kwa sababu "s", "f" na "sh" ni pumzi tupu na noti haziwezi kuzibeba. Mwisho, tamka konsonanti kwa nguvu kuliko kawaida, kwa sauti isiyopanda wala kushuka: kama kompresa (kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo) ipo, iweke kwenye maikrofoni kabla ya vokoda.